Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: ovaloki shilingi 2,300, usafiri shilingi 8,900

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, wewe na ofisi yako. Nauliza kwa sababu barua zangu za awali hazikujibiwa, nikaanza kuingiwa na wasiwasi juu ya afya zenu.

Ulipokuja uwanja wa Mkunguni hapa Lamu mwaka jana ulituhimiza akina mama tuingie kwenye biashara ya mtandaoni, na ukaahidi kwamba atakayedhulumiwa huko ofisi yako itamsikiliza. Tulikupigia makofi. Nami nilipiga, basi nimekuja.

Mimi ni mshonaji wa madera hapa Langoni. Ovaloki yangu, ile mashine ya kumalizia pindo, ilikufa tangu Shaabani, vitambaa vya watu vya Idd vimejaa kitandani. Nikaingia kwenye mnada wa mtandaoni, nikaweka amana, nikaweka dau, yaani bei ninayotaka kununulia, nikashinda ovaloki iliyotumika kwa shilingi 2,300. Bei ya usafiri haikuonyeshwa popote mpaka mnada ulipofungwa. Ndipo ikaja hesabu: usafiri, ufungaji, ada ya "eneo la mbali" na gharama za kushughulikia mzigo, hadi mlangoni, shilingi 8,900. Ukikataa, amana inaliwa na akaunti inafungwa. Nikalipa.

Wiki iliyopita mzigo ukafika. Mlango wenyewe ulikuwa gati la Mokowe, kule bara ng'ambo ya maji! Boti nikalipa mimi, hamali nikamlipa mimi. Ubavuni mwa boksi palikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa kwa pupa, pembe moja imenyanyuka. Nikaibandua kwa ukucha, chini yake nikakuta risiti ya kampuni ya basi, imeandikwa kwa kalamu ya wino: Nairobi hadi Mokowe, shilingi 1,100, imelipwa. Mashine yenyewe, ile ndoana ya chini inayoshika uzi imekatika. Kwenye picha ilikuwa nzima.

Nilipolalamika, muuzaji akanijibu kwa upole kabisa: nirudishe mashine kwa gharama zangu, naye atanirejeshea 2,300. Usafiri haurudishwi, ndiyo masharti. Piga hesabu, Mheshimiwa. Nikimrudishia mashine yake, yeye anabaki na mashine na shilingi 7,800 juu. Anauza nini huyu kama si usafiri?

Mimi si mtaalamu, lakini nadhani najua mchezo ulivyo. Mwenye mnada anakata kamisheni kwenye bei ya dau peke yake, kwa hiyo muuzaji anaiweka bei chini na faida anaificha kwenye nauli. Marekani mchezo huu waliujua zamani. eBay, mnada wao wa mtandaoni, ilianza mwaka 2011 kukata kamisheni hata kwenye gharama za usafiri. Hapa kwetu sijui tunangoja nani.

Wanaoagiza nje wana balaa zaidi. Fundi mmoja wa mashine za boti kule Shela aliagiza kipuri Uingereza kwa njia hii hii. Forodha huhesabu ushuru kwa bei ya kitu, bima na nauli pamoja, kisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 ikapandishwa juu yake. Kwa hiyo nauli ya uongo alitozwa kodi ya kweli. Serikali nayo ikapata fungu lake kwenye dhuluma ile, ingawa naamini haikukusudia.

Watu wananiambia rahisi ghali. Sawa, lakini Kifungu cha 46 cha Katiba hakisemi hivyo. Kinasema mtumiaji ana haki ya kupewa habari anazozihitaji na kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina vifungu vya mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji afichue mambo kabla mtu hajakubali. Au sheria hiyo nayo inaishia Mokowe? Maana sisi ndio tuliojengewa bandari kubwa, gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, tukaambiwa mizigo ya Afrika itapita mlangoni kwetu. Nami nimetozwa ada ya "eneo la mbali".

Sikuombi unirejeshee pesa. Au tuseme ukweli, ningezipenda sana, wateja wangu wameanza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, na mmoja ameshanisema mbele ya watu. Lakini ninaloomba ni moja tu: walazimishe waonyeshe bei ya usafiri kabla mtu hajaweka dau. Kabla. Isiwe baada ya mnada kufungwa na amana kushikwa. Na bei hiyo ilingane na risiti ya aliyeubeba mzigo. Hilo halihitaji semina wala kamati wala safari ya kwenda kujifunza ng'ambo.

Risiti ile ninayo, na ile karatasi iliyobandikwa juu yake ninayo. Ofisi yako ikitaka kuziona, nipo dukani kila siku baada ya alasiri. Kazi yenyewe sina.

Wako,
Mshonaji wa Langoni, Lamu