Machozi ya mtoto mbele ya kamera

Bwana Mhariri,

Makala yenu iliyowasifu watoto waigizaji wa sinema za zamani nimeisoma kwa furaha, kwa kuwa nami nilikua nikizitazama sinema hizo. Lakini neno “kipaji”, mlilolirudia mara nyingi, limefunika mambo ambayo hayakuwa kipaji hata kidogo.

Jackie Cooper alikuwa mtoto wa miaka 8 alipoigiza katika filamu ya Skippy, iliyotoka mwaka 1931, na mwongozaji wake, Norman Taurog, alikuwa mume wa dada wa mama yake. Machozi yalipokataa kutoka, mtoto alifanyiwa hila akaamini kwamba mbwa wake amepigwa risasi. Akalia, kamera ikanasa, Taurog akapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1981, akikaribia miaka 60, Cooper alichapisha kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu hicho ni lile ombi la kwamba mbwa wake asipigwe risasi.

Msidhani mambo haya yamepita. Wakati wa likizo, uani kwa jirani yangu hapa Katuba, vijana walikuwa wakirekodi filamu fupi, na binti wa miaka tisa hivi, aliyeshindwa kulia, aliambiwa kwamba mama yake amegongwa na pikipiki njiani kutoka sokoni. Alipiga yowe ambalo sijalisahau. Kisha wote wakapiga makofi, wakampa Fanta. Akakaa ameishika chupa bila kuifungua, huku kwikwi zikimtikisa mabega. Mzazi alikuwa ameridhia mtoto aigize, ndiyo, lakini hakuridhia uongo huo.

Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan, mtoto mwigizaji mwingine wa zamani, kuwashtaki mama yake na baba yake wa kambo waliotumia mali aliyoichuma utotoni. Sheria hiyo ililinda mfuko wa mtoto, si moyo wake. Kwetu Kongo ipo Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, ambayo sidhani kama vijana wale wamewahi kuifungua.

Siombi filamu za zamani zifichwe. Naomba mnapozisifu mseme pia machozi yalipatikanaje, na waongozaji wetu wamweke karibu na kamera mtu mzima mmoja, asiyelipwa nao, mwenye ruhusa ya kusema “basi”.

Binti yule sasa humfuata mama yake sokoni kila asubuhi, na hakubali kurudishwa.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi