Wapiga picha, msiwapaushe watoto wetu

Mhariri,

Mwezi wa sita binti yangu alipotimiza miaka mitano nilimpeleka studio moja hapa mjini, maana bibi yake aliyeko Kongwa alitaka picha ya kutundika ukutani. Nilimsuka mwenyewe twende kilimanjaro, nikamvalisha gauni jeupe. Picha zilipofika Kongwa, bibi akapiga simu: "Huyu mtoto wa nani mmeniletea?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto alikuwa na rangi ya ugali uliolala. Niliporudi studio, kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Alitoka mweusi sana mama, nikamsafisha kidogo."

Kumsafisha! Nilimwogesha mwenyewe asubuhi ile.

Sikugombana naye. Nilichukua kamera ya kaka yangu, nikaagiza Dar flashi iliyotumika pamoja na kifaa cha kuiwasha kwa mbali bila waya, vikaja kwa basi. Wiki ya kwanza niliichomeka flashi juu ya kamera, nikapata mambo yaleyale ya studio: paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta ya kupikia, pua imelala bapa, na nyuma ya kichwa kuna kivuli kizito ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa kilichompata binti yangu. Gauni jeupe, ukuta mweupe: kamera ikiachwa kwenye otomatiki huona weupe kila upande, ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza flashi. Uso unabaki gizani. Halafu fundi anaupandisha kwenye kompyuta, na ngozi inatoka kama majivu.

Basi nikaichomoa flashi kwenye kamera. Sasa naiweka juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa mtoto, na kati yao natundika shuka jeupe kwa vibanio vya nguo. Kazi yote inafanywa na shuka. Mwanga uliokuwa unatoka kwenye kijidirisha kisichozidi kiberiti unakuwa mpana kama mlango, unamfunika mtoto taratibu badala ya kumchapa kofi. Ngozi nyeusi inaupenda sana mwanga wa ubavuni. Ndipo unapoliona shavu lilivyoviringana, na ile kahawia iliyojificha ndani ya weusi.

Kwa wanaotaka namba: flashi 1/8 ya nguvu yake yote, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, tundu la lenzi f/5.6, spidi 1/160 ya sekunde. Kwa mpangilio huo hata mwanga wa taa yetu ya njano ya sebuleni hauonekani kwenye picha. Mtoto namkalisha mita moja na nusu kutoka ukutani ili kivuli kiishie sakafuni. Na flashi ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtoto ni robo, wala si nusu. Mimi nilipoteza jioni nzima kabla ya kulijua hilo. Jioni nyingine niliipoteza chumbani, kwenye ukuta wa kijani. Niliuelekezea flashi ili mwanga urudi kwa mtoto, akatoka kama anaumwa nyongo.

Kutulia hatulii, lakini wala simwambii atulie. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, hata kokwa ya ubuyu aliyoirusha inaonekana imesimama hewani. Picha iliyokwenda Kongwa mara ya pili ana gauni la kushindia, midomo imeiva kwa rangi ya ubuyu, na nywele zimeshaanza kufumuka. Bibi hakuuliza ni mtoto wa nani. Aliuliza kwa nini hatujamsuka.

Ndugu zangu wa studio, vifaa mnavyo kunishinda. Miavuli ya kulainisha mwanga mnayo, stendi mnazo, mimi nina shuka na kabati. Ninachoomba ni kwamba mtoto akitoka mweusi sana, msogezeni mbali na ukuta, hamisheni flashi, mpigeni tena. Na kama ni lazima kuigusa rangi yake kwenye kompyuta, mniulize kwanza, niko hapohapo kwenye benchi nasubiri.

Januari nitarudi kwenu kwa picha za pasipoti za shule, maana hizo siziwezi nyumbani. Atakuwa amevaa shati jeupe.

Mzazi,
Ipagala, Dodoma