Mbegu za nyasi za nchi za baridi zisiuzwe Dar bila maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wanaojiandaa kupanda nyasi mvua za vuli zikianza. Mimi ni fundi bustani. Kazi hii naifanya Tegeta, Boko na Mbweni tangu enzi za Mzee Mkapa, na sina ugomvi na mtu isipokuwa na yale maboksi ya mbegu za nyasi yanayopangwa kwenye rafu za maduka. Juu yake kuna picha ya uwanja wa kijani unaong'aa, na nyuma yake nyumba yenye bomba la moshi. Mwenye macho angeshtuka hapo hapo: nani Dar es Salaam anakoka moto sebuleni?

Mama mmoja wa Mbweni aliletewa boksi kama hilo na mwanawe anayeishi Uingereza. Nikamwambia, "Mama, hizi si za huku." Akanijibu, "Baba, mwanangu katoa hela yake, zimwage tu." Nikazimwaga. Kabla ya wiki mbili uwanja ulikuwa kijani kama nywele za mtoto, majirani wakawa wanachungulia getini kuuliza bei. Februari ilipofika, nyasi zikaanza kunyauka kwa mabaka, maji asubuhi, maji jioni, wapi! Zikafa zote.

Haikuwa uchawi wala mchwa. Ubavuni mwa boksi yaliandikwa majina matatu: Lolium perenne, Festuca arundinacea na Poa pratensis. Hizo ni nyasi za nchi za baridi. Hustawi vizuri hewa ikiwa na nyuzi 15 hadi 24, na huku kwetu Februari mchana hupita nyuzi 30, usiku nao haupoi wa kutosha. Mtu wa Njombe au Mafinga anaweza kuzijaribu. Arusha na Lushoto, kwa maoni yangu, wapande kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki hii hii. Wazungu waliichukua hapa wakaipeleka mpaka Australia, sisi tunanunua zao kwa boksi.

Kwa pwani, ukitaka mbegu, tafuta jina Cynodon dactylon. Huo ni ukoka wetu wa kawaida, ingawa kwenye pakiti wanauita Bermuda. Unavumilia jua, ukame na kukanyagwa na watoto. Usichovumilia ni kivuli. Chini ya mwembe utatoka mwembamba, halafu utapotea. Penye kivuli weka pemba, ile yenye majani mapana, na ukiwa Kigamboni au popote maji ya kisima yana chumvi, ulizia paspalamu. Hizo mbili kwa kawaida hupandwa kwa vipandikizi vya kwenye viroba, si kwa mbegu, na mwenye haraka apande hata ukoka hivyo hivyo.

Kabla ya kutoa hela nyingi, pima mbegu. Nunua pakiti ndogo, hesabu punje 100, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, funika, kisha weka mahali pa joto na usiache kikauke. Ukoka huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Zikiota 80, nenda kanunue. Zikiota 30, mrudishie mwenye duka salamu zake. Mbegu iliyoanikwa dirishani mwa duka miezi na miezi inapoteza nguvu hata kama boksi linameta.

Sasa shamba lenyewe. Adui namba moja ni ndago. Watu wanailima kwa jembe wakidhani wameimaliza, kumbe wamekata mnyororo wa vitunguu vyake na kila kimoja kinaanza maisha yake. Chimbua, okota vitunguu kwa mkono, kisha mwagilia udongo mtupu na uache magugu yaote. Yang'oe. Rudia. Hapa ndipo wateja wananikasirikia, maana wanaona wananilipa kumwagilia udongo mtupu. Lakini aliyeruka hatua hii nitamkuta mwaka ujao ana bustani ya ndago yenye ukoka kidogo.

Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi huja na mbegu za magugu kutoka tumboni mwa ng'ombe. Sawazisha kwa reki, maji yasituame. Mbegu ya ukoka ni ndogo mno: nusu kilo hadi kilo moja yatosha mita za mraba 100. Ichanganye na mchanga mkavu, gawa mafungu mawili, moja ulimwage ukitembea mashariki kwenda magharibi, la pili kaskazini kwenda kusini. Funika kwa mchanga uliochekechwa, usizidi nusu sentimita. Kanyaga kwa ubao. Mwagilia kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku kwa keni yenye matundu madogo. Mpira wa maji utazisukuma mbegu zote kwenye kona moja, na mvua kubwa za masika hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana nikasema vuli. Kuku wafungwe. Zikifika sentimita tano hadi saba kata kwa mara ya kwanza, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu, na fyekeo liwe kali, butu linang'oa.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Bandikeni kwenye boksi karatasi ya Kiswahili inayotaja aina ya nyasi, mwezi mbegu ilipopimwa uotaji, na kama inafaa pwani au nyanda za juu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 tunayo, na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wapo Morogoro. Sidhani kuwadai hilo waagizaji ni kazi kubwa. Wakati tunasubiri, mnunuzi geuza boksi, soma ubavuni, na ukikuta Lolium ukiwa Dar, lirudishe rafuni.

Fundi bustani,
Boko, Dar es Salaam