Mbona Mmeila Rola Yangu?

Mteja analeta kwenye karakana yetu ya kusaga rola mche wa chuma wa kubania bati bila kulipasha moto, anaomba tuusage milimita 0.2. Tunampigia simu kwamba itabidi tufike 0.6. Hapo ugomvi unaanza. Wiki iliyopita mmoja alisema wazi kwamba tunamaliza rola yake ili anunue nyingine. Sisi hatuuzi rola.

Bati likikatika na kunasa mashineni, huganda kwenye rola na kuiunguza. Alama unayoiona ni ndogo, lakini chini yake kuna nyufa ambazo jicho halizioni. Ndiyo maana tunapitisha kipimo cha umeme kinachonasa nyufa za juu, kisha cha mawimbi ya sauti kwa zilizojificha ndani. Kipimo kikionyesha ufa, tunaendelea kusaga mpaka uishe.

"Futeni alama tu, irudi kazini." Mwenye kiwanda mmoja aling'ang'ania hivyo, tukakataa, akaipeleka kwingine. Ilitoka inang'aa. Baadaye tuliletewa ikiwa imebanduka kipande cha ukubwa wa kiganja, na rola kubwa inayoiegemeza imechubuka. Kila mzunguko ulikuwa unaukandamiza ule ufa, nao ukatambaa chini ya uso hadi ukatokea. Akasagisha ile kubwa, akanunua nyingine badala ya iliyobanduka.

Bei yetu inalalamikiwa pia. Rola hizi ni za chuma kilichofuliwa, zina kromu, metali ya kuongeza ugumu, asilimia 2 hadi 5, na ugumu wa uso hupita 60 kwa Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma. Hazitaki haraka. Jiwe la kusagia likisukumwa kwa nguvu au maji ya kupozea yakipungua, uso unaungua na kulainika mahali hapo huku ukiendelea kung'aa. Sisi tunapaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti. Palipoungua panaonekana peusi, tunarudia. Muda huo umo kwenye bili, na hatuupunguzi.

Anayetaka rola ya kudumu, tunamshauri aagize ya kromu asilimia 5: ugumu wake huingia ndani zaidi, hivyo husagwa mara nyingi kabla ya kufikia chuma laini. Kupaka kromu ngumu, mikroni (elfu moja ya milimita) chache tu, nako husaidia uso usichakae mapema. Ila juu ya ufa hatupaki, hata ukilipa mara mbili.

Ukileta rola, njoo na daftari lake: kipenyo cha mwisho, tani za bati zilizopita, na lini bati lilikatika. Bila daftari tunapima yote upya, na upimaji huo unalipiwa.