Kabla ya kulalamikia siku, uliza chuma

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu aliyesema kwamba mafundi wa meno wa hapa Lubumbashi tunakalia kofia za meno za watu siku nyingi makusudi amenigusa, maana kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Kuhusu kuchelewa nitamjibu. Swali kubwa zaidi hakuliuliza: kofia hiyo ni ya chuma gani?

Kofia ya jino, kifuniko kinachovikwa juu ya jino, ile madaktari wetu wanaita kuroni, huanza kwa nta. Napasha kisu kwenye taa ya spiriti, nachota nta ya buluu, naidondosha tone kwa tone juu ya jino la plasta, yaani nakala ya jino la mgonjwa, kisha naichonga. Nta ni kaidi. Ikipoa hujikunja, na ukiiacha mpaka kesho yake, hasa katika joto letu la Oktoba, hujivuta kurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo siku ileile niliyoichonga lazima niizike ndani ya plasta ya kuvumilia moto. Wapo wanaochanganya mshumaa ili kuokoa makuta. Kazi yao huijua kwa ukingo usiokaa. Penye mwanya mwembamba kama unywele chakula huingia, jino linaoza chini ya kofia, na mgonjwa hana habari.

Kisha tanuru. Joto hupandishwa polepole mpaka nta iyeyuke na kuungua yote, ibaki nafasi tupu ya kumiminia chuma. Wafua sanamu walikuwa na njia hii tangu kale. Daktari Taggart wa Marekani aliwafundisha wenzake wa meno mwaka 1907. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo, plasta hupoa, hupasuka, nami narudi kwenye nta. Ndugu msomaji, siku zako zimepotelea hapo.

Sasa chuma chenyewe. Ukishaling'arisha jino la mchanganyiko wa nikeli na kromu ukaliweka kando ya la kobalti na kromu, yote ni meupe yanayofanana. Mgonjwa hawezi kuyatofautisha. Lakini nikeli huwasha watu wengine. Mama ambaye hereni za sokoni humtoa vipele masikioni amwambie daktari mapema, kabla hajavikwa jino. Aina nyingine za nikeli zimetiwa beriliamu, metali nyingine, ili zimiminike vizuri, na vumbi lake wakati wa kusaga huharibu mapafu. Hilo ni letu sisi mafundi, nasi tunasaga bila barakoa kana kwamba ni unga wa mahindi.

Inaniuma kwamba kobalti inachimbwa Kolwezi, si mbali na hapa, halafu vipande vyake tunaviagiza ng'ambo, na bei yake ndiyo inayowasukuma wengi kwenye nikeli. Simlaumu asiye na fedha. Namlaumu anayeuza nikeli bila kuitaja.

Ombi langu kwa madaktari ni dogo: kwenye karatasi mnayotuletea labo, yaani karakana ya meno, andikeni jina la chuma, na kwenye risiti ya mgonjwa liandikwe hilohilo. Mimi huliandika kwa kalamu chini ya jino la plasta, na mgonjwa akitaka kuliona namwonyesha. Mwenye labo anayeona haiwezekani, anijibu katika ukurasa huu.

Fundi wa meno,
Kampemba, Lubumbashi