Mwanangu, hiyo IST usiilipie kwanza

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona, na ile linki ya Toyota IST unayotaka kuagiza Japani nimeifungua, gari nzuri kweli na bei inavutia, ila kabla hujaenda benki kufanya TT, yaani kuwatumia hela huko nje, nisikilize baba yako maana hili jambo linanikera mpaka leo.

Unaikumbuka ile Noah yetu? Yule kijana wa mauzo wa kampuni iliyotuuzia kule Japani, kabla sijalipa alikuwa ananisalimia WhatsApp kila asubuhi, bosi umeamkaje, bosi gari yako nimekuwekea pembeni. Hela ilivyoingia tu, kimya. Nikimuuliza meli ananiambia andikia watu wa shipingi, nikiwaandikia hao unakuja ule ujumbe wa mashine, mpendwa mteja tumepokea swali lako, basi, ndo imetoka hiyo. BL, ile hati ya mzigo ya meli, ikaja namba ya chesesi imekosewa tarakimu moja. Moja tu! Wakala wetu wa forodha akakwama hapohapo, gari imeshashushwa bandarini Dar inapigwa jua, siku za kukaa bure bandarini zikaisha, storeji, yaani ada ya kuhifadhi gari, ikawa inahesabu kila kukicha, na wao wananitumia tena BL ileile yenye kosa utadhani sijasema kitu. Uzembe wao nikaulipia mimi na hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Hela iliniuma ila kule kupuuzwa kuliniuma zaidi.

Sasa wewe wapime leo hao wanaokuuzia, hela ikiwa bado iko kwako. Waombe karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani, uone gredi, yaani alama ya hali yake, ukikuta R ujue gari iliwahi kugongwa ikarudishiwa. Omba picha za chini ya gari, na dashibodi ikiwa imewashwa uone kilomita. Waandikie asubuhi mapema, Japani wako mbele yetu masaa sita, kwetu ikifika mchana wao wanafunga ofisi. Ukiuliza maswali matatu muuzaji akajibu moja na hela yako hajaipata, akishaipata atajibu nini?

Halafu hiyo bei uliyoiona ni FOB, ya gari tu, meli na bima hazimo, uliza CIF, yaani bei pamoja na meli na bima mpaka Dar. Kodi usiwaulize wao, ingia mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, IST ya 2005 ina ushuru wa uchakavu, wa gari la zamani, juu ya ule wa forodha 25% na VAT 18%, usije ukashtukia bandarini.

Na akaunti kwenye proforma, ile ankara wanayokutumia kabla ya kulipa, iwe na jina la kampuni. Ikiwa ya mtu binafsi, au ikaja imeili ghafla eti tumebadilisha benki, usitume hata senti mwanangu, piga simu ofisini kwao kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, uongee na mtu.

Nitumie hiyo proforma leo jioni niisome, kesho nampelekea yule wakala naye aipitie. Benki usiende mpaka nikupigie.

Baba yako