Walezi, waachieni wanafunzi klabu yao

Mhariri,

Klabu za Interact, yaani klabu za kujitolea zilizoanzishwa na Rotary, shirika la kimataifa la huduma kwa jamii, mwaka 1962 kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, hutakiwa kufanya angalau miradi miwili ya huduma kila mwaka, mmoja ukilenga maelewano ya kimataifa. Utaratibu mzuri. Lakini mara nyingi mwalimu mlezi ndiye anayechagua mradi, kuandika barua na kushika fedha. Mwenyekiti mwanafunzi hubaki kupiga picha na wageni (na kungoja cheti, bila shaka). Mweka hazina asiyewahi kusoma hesabu mbele ya wenzake amejifunza uongozi gani? Viongozi wanafunzi wapewe bajeti, hata ndogo, kisha wanachama wawahoji. Wakikosea, si mlezi yupo?

Mzazi wa mwanafunzi